Usione Vyaelea: Mazungumzo katika Filamu za John Cassavetes

1. Utangulizi

Tunapofundisha maigizo katika vyuo vyetu, suala moja hutuzukia kila mwaka, nalo ni hili: mhusika azungumze vipi? Aseme kama watu wasemavyo nyumbani na sokoni, au aseme kama mwandishi aandikavyo? Wako wataalamu wanaotaka kila mhusika, awe kuli au awe waziri, atoe sentensi kamili zilizonyooka kama za tahariri ya gazeti. Wako pia, hasa miongoni mwa wanafunzi wetu wa siku hizi wenye kamera katika simu zao, wanaodai kwamba mazungumzo ya kweli hayaandikwi. Kwa maoni yao, waigizaji wapewe kisa tu, waachwe waseme lolote liwajialo, na ukweli utajitokeza wenyewe.

Mwanafunzi wangu mmoja aliyekusudia kutengeneza filamu ya taharuki bila mswada alinijia na hoja hii ya pili. Shahidi aliyemleta alikuwa Mmarekani John Cassavetes. "Huyu, mwalimu," aliniambia, "hakuandika kitu, na filamu zake zinasomwa duniani kote." Wala si yeye peke yake aliyeamini hivyo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo niliisikia kauli hiyohiyo kutoka kwa watu waliokuwa na elimu kubwa kuliko yangu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo si sahihi, na kwamba kosa hilo lina madhara kwetu sisi tunaofundisha lugha. Tutazieleza kwa ufupi kazi za Cassavetes, kwanza drama zake, kisha filamu zake za taharuki. Tutatazama jinsi maneno yanavyofanya kazi ndani yake. Na mwisho tutauliza Kiswahili kina nyenzo gani za kufanya kazi kama hiyo. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Tutaona kwamba hata mazungumzo yanayoelea ovyo yameundwa na fundi.

2. Cassavetes na filamu huru

Yafaa kwanza tuelewane juu ya istilahi. Kwa "filamu huru" tunakusudia filamu inayotengenezwa nje ya makampuni makubwa ya Hollywood, kwa fedha ambazo mtengenezaji amezitafuta mwenyewe. Kwa "drama" tunakusudia filamu ambayo uzito wake umo katika mahusiano ya watu. Filamu ya "taharuki" ni ile inayomshika mtazamaji kwa wasiwasi wa kutaka kujua ni nani ataokoka na ni nani atakayekufa.

John Cassavetes alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1929, mtoto wa wazazi wenye asili ya Kigiriki. Sehemu ya utoto wake aliishi Ugiriki, na aliporudi Marekani akiwa na umri wa miaka saba hivi hakujua Kiingereza. Hatuwezi kudai kwamba sanaa yake yote imetokana na jambo hilo. Lakini mtu aliyewahi kukaa katikati ya watu wanaozungumza asiwaelewe hujifunza mapema kuyasoma macho, mikono na vituo vya sauti. Alisomea uigizaji katika American Academy of Dramatic Arts, na mwaka 1954 akamwoa mwigizaji Gena Rowlands, ambaye ndiye aliyebeba nafasi kuu katika kazi zake nyingi.

Maisha yake ya kazi yalikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja alikuwa mwigizaji wa kulipwa katika filamu za wengine. Aliigiza katika The Dirty Dozen (1967), iliyomfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar, na katika Rosemary's Baby (1968). Kwa upande wa pili alitumia mapato hayo kutengenezea filamu zake mwenyewe. Aliwahi kujaribu kuongoza filamu ndani ya mfumo wa makampuni, lakini katika A Child Is Waiting (1963) aligombana na mtayarishaji Stanley Kramer, na kazi ya uhariri ikatolewa mikononi mwake. Tangu hapo alipendelea kuweka nyumba yake rehani kuliko kumpa mtu mwingine mkasi. Alifariki dunia mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 59.

3. Shadows na chanzo cha kutoelewana

Filamu yake ya kwanza, Shadows, yaani "Vivuli", ilizaliwa katika warsha ya waigizaji mjini New York mwaka 1957. Cassavetes alikwenda katika kipindi cha redio akawaomba wasikilizaji wachangie, nao wakachangia. Filamu ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, na waigizaji wengi hawakuwa na majina. Kisa chake ni cha ndugu watatu Weusi, wawili kati yao wakiwa na ngozi nyeupe kiasi cha kudhaniwa Wazungu. Lelia, dada yao, anapendana na kijana Mzungu aitwaye Tony. Siku moja kaka mkubwa, Hugh, ambaye weusi wake hauna shaka, anaingia nyumbani. Tony anatambua, uso unambadilika, naye anaanza kutafuta kisingizio cha kuondoka. Hana haja ya kutamka tusi. Kisingizio chenyewe ndicho tusi.

Mwishoni mwa filamu hiyo yanatokea maandishi yanayomwarifu mtazamaji kwamba aliyoyaona yalibuniwa papo kwa papo. Maandishi hayo machache ndiyo yaliyozaa imani tunayoijadili. Lakini Shadows ilikuwa na matoleo mawili. La kwanza lilionyeshwa mwaka 1958, na Cassavetes hakuridhika nalo, akaona kwamba limejaa mbwembwe za kamera na limepungukiwa na watu. Akarudi kazini, akapiga maonyesho mengine mapya, na mwaka 1959 akatoa toleo la pili, ambalo ndilo linalojulikana. Mhakiki Ray Carney, aliyeichunguza historia ya filamu hii kwa miaka mingi, ameeleza kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyoongezwa ilikuwa imeandikwa. Kwa maneno mengine, ubunifu wa papo kwa papo ulikuwa udongo. Chungu kilifinyangwa baadaye.

Katika filamu zilizofuata hali ni wazi zaidi. Cassavetes aliandika mswada, akaufanyia mazoezi pamoja na waigizaji, akasikiliza wanapokwama, akaandika upya. Yeye mwenyewe alisisitiza mara nyingi kwamba maneno yaliandikwa, na kilichoachwa huru ni hisia. Mwigizaji hakuambiwa asimame wapi wala akasirike lini. Kamera ndiyo iliyopaswa kumfuata. Uhuru huo wa mwili na wa hisia ndio unaotufanya tudhani kwamba maneno nayo yameokotwa njiani.

4. Drama: maneno kama tendo

Faces, yaani "Nyuso", ilipigwa mwaka 1965, kwa sehemu kubwa ndani ya nyumba ya Cassavetes mwenyewe, nayo haikutoka hadi mwaka 1968 kwa sababu ya uhariri mrefu. Iliteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar, na mojawapo ya hizo ilikuwa tuzo ya mswada. Yafaa kulikumbuka hilo kila tunapoambiwa kwamba mtu huyu hakuandika.

Mapema katika filamu hiyo wanaume wawili wa makamo wako nyumbani kwa mwanamke kijana aitwaye Jeannie. Wamelewa, wanaimba, wanacheza, wanataniana, na kicheko hakikatiki. Kwa ghafla mmoja wao anamwuliza mwanamke huyo bei yake. Kicheko kinakufa. Swali hilo moja linatufahamisha kwamba utani wote uliotangulia ulikuwa pazia, na kwamba kila mmoja chumbani alijua kilichokuwa nyuma yake. Iwapo dakika zile za kelele tupu zingekatwa, swali lingekuwa matusi ya mlevi tu. Upuuzi uliotangulia ndio unaolipa swali uzito.

Katika A Woman Under the Influence (1974) mbinu hii inafikia kilele. Filamu hii ilianza kama tamthilia ya jukwaani, lakini Gena Rowlands alihofu kwamba kuigiza nafasi nzito kama ile kila usiku kungemmaliza nguvu. Fedha zilipatikana kwa rehani ya nyumba na kwa mchango wa mwigizaji Peter Falk. Na wasambazaji walipokataa kuichukua, Cassavetes na wenzake waliisambaza wenyewe wakiwapigia simu wenye majumba ya sinema. Hatimaye Rowlands aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora, na Cassavetes ya mwongozaji bora.

Mabel ni mke wa Nick, msimamizi wa mafundi. Anampenda mumewe na watoto wake kupita kiasi, na hajui mpaka wa kuonyesha upendo huo. Nick anapowaleta wafanyakazi wenzake nyumbani asubuhi, Mabel anawapikia, anawauliza majina mmoja mmoja, anawasifu, mpaka sifa zinazidi, meza inanyamaza, na mumewe anamfokea. Anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, anakaa miezi sita. Siku ya kurudi, jamaa wote wamemngojea, na Nick anamtaka azungumze "kawaida". Lakini kawaida ni nini? Katika nyumba hiyo kila mtu anapiga kelele, ila mmoja tu ndiye aliyepewa jina la mwendawazimu.

Mezani Mabel anamwomba baba yake amtetee. Usemi wa Kiingereza anaoutumia una maana mbili: kumtetea mtu, na kuinuka kwa miguu. Baba anainuka kitini. Mabel anamwambia kwamba hakukusudia hivyo, na mzee anabaki amesimama asijue afanye nini. Katika tukio hilo dogo imo huzuni yote ya filamu, yaani binti anaomba msaada kwa lugha ambayo baba yake anaisikia lakini hailewi.

Je, tukitaka kulihamishia tukio hilo katika Kiswahili? Tukitumia kauli ya kutendea, "Baba, nisimamie," tumelipoteza, kwa sababu kiambishi -i- kimekwisha kuzitenganisha maana mbili: "simama" ni kuinuka na "simamia" ni kutetea au kuongoza. Hapana baba Mswahili atakayeinuka kwa kuambiwa nisimamie. Lakini tukisema "Baba, simama upande wangu," mzee anaweza kuondoka kitini, akazunguka meza, akaja kusimama kando ya binti yake, mikono ikining'inia. Maumivu yamerudi. Jambo hili halipatikani kwa kuwaambia waigizaji waseme watakalo. Linapatikana kwa mtu aliyekaa na kalamu akiipima lugha.

5. Taharuki: hatari inayongoja watu wamalize kusema

Desturi ya filamu za taharuki ni kwamba maneno hulitumikia tukio. Wahusika husema kile tu tunachohitaji kujua ili bastola itakapotoka tuelewe ni kwa nini. Cassavetes aliingia katika aina hii akaipindua.

Katika The Killing of a Chinese Bookie (1976), Cosmo Vitelli, anayeigizwa na Ben Gazzara, ni mwenye klabu ndogo ya usiku mjini Los Angeles. Anapoteza dola 23,000 katika kamari, na wanaomdai, ambao ni majambazi, wanamlazimisha alipe kwa kumwua mzee mmoja Mchina. Njiani kuelekea kwenye mauaji gari alilopewa linapata pancha. Cosmo anaingia katika kibanda cha simu, aite teksi. Lakini anapiga simu nyingine pia, klabuni kwake, kuuliza wachezaji wako jukwaani na kwamba wamefikia onyesho lipi. Kisha inambidi anunue hambaga za kuwatulizia mbwa wa mzee huyo, na mhudumu anabishana naye juu ya kuzifunga moja moja au kuziweka zote pamoja zisichafuke.

Mtazamaji aliyezoea filamu za Hollywood hupoteza subira hapa. Toleo la kwanza, lenye dakika zaidi ya 130, lilishindwa vibaya sokoni, na mwaka 1978 Cassavetes alitoa jingine fupi zaidi. Hata hivyo maongezi ya hambaga yalikuwa na kazi. Mhudumu hajui kwamba anazungumza na mtu anayekwenda kuua, na Cosmo hawezi kumwambia. Kadiri maneno yanavyokuwa ya kawaida, ndivyo wasiwasi wetu unavyozidi. Nayo simu ya klabuni inatufunulia roho yake. Mtu huyu anaijali klabu yake ndogo kuliko maisha yake. Taharuki imehama kutoka katika swali la "ataua?" ikaenda katika swali la "ni nani huyu?"

Gloria (1980) ilitengenezwa kwa fedha za kampuni ya Columbia. Cassavetes aliandika mswada kwa nia ya kuuuza, kisha akajikuta anauongoza mwenyewe. Mhasibu wa genge la majambazi anauawa pamoja na jamaa yake. Mwanawe wa umri wa miaka sita, Phil, anaokolewa na jirani, Gloria, ambaye zamani alikuwa hawara wa mkubwa mmoja wa genge hilohilo na ambaye hapendi watoto. Mtoto amekabidhiwa kitabu cha hesabu ambacho genge linakitaka. Kabla ya kufa baba yake alimwambia awe mwanamume, na tangu hapo mtoto anayarudia maneno hayo, anajitangaza kuwa ndiye mwanamume, huku akiwa hana pa kulala. Watazamaji wengine walicheka. Lakini mtoto huyo anazungumza kwa urithi pekee alioachiwa ambao hauwezi kunyang'anywa, yaani sentensi ya baba yake. Filamu hiyo ilishiriki tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Venice mwaka huo.

Kati ya hizo mbili kuna Opening Night (1977), ambayo ni drama juu ya suala letu lenyewe. Myrtle, mwigizaji maarufu, anakataa kuyasema maneno aliyoandikiwa na mtunzi wa tamthilia kwa kuwa hayaamini. Anayabadilisha mbele ya hadhira, na vurugu zinatokea. Asiyechunguza atasema kwamba hapa Cassavetes anausifu ubunifu wa papo kwa papo. Kumbe uasi wenyewe wa Myrtle uliandikwa, na mwandishi wake alikuwa Cassavetes.

6. Nyenzo za Kiswahili

Inanipasa kukiri jambo moja. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilimkata mwanafunzi alama kwa sababu mhusika wake katika tamthilia hakumaliza sentensi hata moja katika ukurasa mzima. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Sarufi!" Leo naona kwamba niliyekosea ni mimi. Mhusika yule alikuwa mjane anayeulizwa habari za mali ya marehemu mumewe, na kutomaliza ndiko kulikokuwa jibu lake.

Isitoshe, Kiswahili kina uwezo wa pekee katika usemi uliokatizwa. Kitenzi chetu hubeba viambishi vyake kwa mpangilio maalumu: nafsi, njeo, yambwa, kisha mzizi. Basi mtendwa hutajwa kabla ya tendo. Tumfikirie mtu anayeleta habari kwa Gloria huku akihema, naye anakatizwa baada ya kusema "Wamem—". Msikilizaji amekwisha kujua kwamba watendaji ni wengi, kwamba jambo limekwisha kutendeka, na huenda kwamba limemfika mtu mmoja, yaani mtoto. Kilichofichwa ni tendo tu. Wamempata? Wamemwua? Akikatizwa baada ya "Wameki—", huenda kiambishi ni cha kitabu, na mtoto amesalimika. Lakini pia huenda si kiambishi bali ni silabi ya kwanza ya mzizi, na mjumbe alitaka kusema "Wamekimbia." Silabi moja imebeba uhai wa mtoto, kitabu cha hesabu na mbio za adui, na mwandishi anaweza kututundika hapo kwa muda apendao.

Zaidi ya hayo tunavyo vijineno ambavyo waandishi wetu wa maigizo huviona kama takataka za kufagiwa: "ati", "yaani", "basi", "si", "kumbe", "haya". "Haya" ya mke anayekubali na "haya" ya mke aliyechoka kubishana zinaandikwa sawa, lakini zinatenganisha ndoa mbili. Kuchagua mahali pa kuiweka ni kazi ya mtunzi, kama ilivyo kazi ya mshairi kuchagua kina.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba drama na taharuki za John Cassavetes hazikusimama juu ya kutokuandika. Zilisimama juu ya kuandika kwa namna ambayo haionekani. Kutokana na hayo tunaweza kutoa maoni mawili. Kwanza, mwalimu anayesahihisha tamthilia asiulize kama sentensi ya mhusika imekamilika. Aulize kama kukatika kwake kuna sababu. Pili, mwanafunzi mwenye kamera aelezwe kwamba maneno yaliyorekodiwa hivihivi si mazungumzo ya kisanaa bado, kama vile mbao zilizorundikwa ufuoni si jahazi bado.

Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni nilimrudisha akaandike. Alinuna, kisha akaniletea kurasa 12. Katika ukurasa wa nne mhusika wake mmoja, aliyekuwa akificha bastola ndani ya kapu, alisimama njiani akabishana na mama muuza mahamri juu ya chenji ya shilingi kumi. Nilimwuliza ni kwa nini aliliweka jambo hilo pale. Akanijibu kwamba aliliandika mara sita kabla ya kuridhika nalo.